Sahani za Majaribio

Marl Bank, Staffordshire
7 Oktoba 1962

Mwanangu Muriel,

Hujambo huko London? Sisi wazima, ila mama yako kifua kinamsumbua tangu baridi ianze, na habari ya daktari hataki kuisikia. Anasema London hawajui kupika chapati za oti, kwa hiyo lazima umekonda.

Habari kubwa ni hii: shule yetu imeomba kufundisha ile diploma mpya, Sanaa na Usanifu. Hebu fikiria! Miaka thelathini wachoraji wako juu kwenye madirisha makubwa, wanaitwa wasanii. Sisi wa kunakshi vyombo vya udongo tuko chini kwenye tanuri la kuvichomea, tunaitwa mafundi. Nikipanda ngazi na aproni yangu wananitazama kama nimekuja kuzibua bomba. Leo diploma hiyo imetupa sote jina moja. Nimelikata gazetini nikalibandika darasani.

Wakaguzi wa baraza linalotoa diploma hiyo wanakuja mwezi ujao. Tukikataliwa, darasa langu linafungwa, na kwa miaka yangu hamsini na sita, nani atanichukua? Wewe uko hapo hapo barazani unapiga taipu. Nidokeze basi, wanapenda kuona nini?

Baba yako,
Enoch


London
15 Oktoba 1962

Shikamoo Baba,

Mimi mzima na sijakonda, mwambie Mama. Mwambie pia daktari hang'ati.

Baba, siku ya kwanza kazini nilitia saini kwamba ya barazani hayatoki nje. Mwenzangu mmoja alimdokeza mjomba wake, akafukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo usiniulize. Fanya kama ulivyozoea, mambo yatakuwa sawa.

Mwanao,
Muriel


Marl Bank
25 Novemba 1962

Mwanangu,

U mzima? Mama yako bado anakohoa, lakini jana aliweza kunigombeza bila kupumzika, kwa hiyo ana nafuu.

Wamekuja, wameondoka! Wawili, mmoja kavaa tai ya kipepeo. Nilifanya kama ulivyosema. Wanafunzi walikuwa wamejaza rafu nzima sahani za majaribio: mistari imepinda, rangi zimechuruzika. Unajua kwetu chombo chenye dosari hakitoki mlangoni. Tukazivunja zote, na michoro ya mwanzo tukaitia motoni. Mezani nikapanga sahani kumi na mbili tu, safi, hata mimi nilizionea wivu.

Yule wa tai akauliza, "Na zile za mwanzo ziko wapi? Mlifikaje hapa?"

Nikamwambia, "Mzee, takataka hatuwaonyeshi wageni."

Akacheka kidogo, kisha akaandika sana. Kuandika sana ni dalili njema, au vipi? Mbona uko kimya hivyo?

Baba yako,
Enoch


Marl Bank
3 Februari 1963

Muriel,

Natumaini u mzima. Krismasi hukuja, ukasema mafua. Barua mbili hukujibu, nikasema kazi nyingi.

Jibu la baraza limefika. Tumekataliwa. Wanasema kazi ni safi lakini hawakuona mwanafunzi akitafuta, akikosea, akibadili njia. Hawakuona jaribio hata moja. Darasa linafungwa Julai. Wachoraji wa juu nao wamekosa diploma, na hawanisalimii.

Niliisoma mpaka chini. Pale kushoto, baada ya herufi za mwanzo za jina la mkubwa wako, kuna herufi za aliyepiga taipu. Ni zako. Imepigwa vizuri, haina kosa hata moja.

Kwa barua hiyo sikulaumu, ndiyo kazi. Nauliza kitu kimoja tu. Nilipokuuliza Oktoba, ulikuwa unajua wanachotafuta?

Mama yako hajui kwamba nimekuandikia.

Baba yako


London
6 Februari 1963

Shikamoo Baba,

Kifua cha Mama vipi?

Nilijua. Mwongozo wa wakaguzi niliupiga taipu mimi mwenyewe, mwezi wa Septemba. Ukurasa wa kwanza unasema waombe kuona kazi za majaribio. Ningekuambia neno moja, usivunje, na nani angejua? Niliogopa kufukuzwa. Nikakuandikia ufanye kama ulivyozoea, na nimekua nikikuona ukivunja sahani, Baba. Nilijua utafanya nini. Tangu siku ile naona aibu hata kuandika jina lako kwenye bahasha.

Nitapanda treni ya asubuhi Jumamosi. Tafadhali Mama umwambie wewe kwamba nilijua. Mimi siwezi.

Mwanao,
Muriel