Maua ya Kivulini kwa Mama

Kitale, 12 Juni 2004

Ndugu yangu Makokha,

Huku mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Mama siku hizi hukaa chini ya mparachichi, maana jua linamuumiza macho. Nilimletea begonia, maua yanayopenda kivuli, achague rangi.

"Hayo ya waridi siyaoni vizuri," akasema. "Nipandie mekundu."

Nikapanda, yakashika. Daktari anasema macho hayatapona. Jana Mama aliniuliza, "Phelista, si ulisema utanipandia maua? Ama ulisahau?"

Yalikuwa yamechanua mbele ya miguu yake. Nikamwambia nitapanda kesho.

Uso wa mtu bado anauona, ukimkaribia sana. Usingoje Krismasi.

Dada yako,
Phelista