Kwako Baba Watoto: Mchanga Umetimia

Mwaka umezunguka, Baba Watoto, tangu upigwe bomba la chuma sebuleni kwako mwenyewe, mbele ya mashine zako kumi na saba, nami nimesimama mlangoni na trei ya chai. Wanao wameniachia kalamu. "Mama, wewe ndiye mwenye mdomo." Haya, mdomo ndio huu.

Siku ya mazishi wasifu wako ulisema "mpole na mkimya". Mpole nani? Ungecheka mpaka ukohoe. Fundi umeme ulimng'oa jino kwa sababu aliiita mashine yako ya bluu "ndoo yenye mkia". Mwenye duka la viatu ulimpiga teke la goti, na jioni ile ile mkala sahani moja, yeye kashikilia barafu gotini. Hizo ndizo Jumapili zetu: nyumba imejaa, viti vinaruka, na mtu hatoki bila kushiba.

Mchana kutwa ulisuka mota za watu, ukizitia nyaya mpya badala ya zilizoungua. Ukirudi nyumbani, ni mashine za kufyonza vumbi za zamani, nyingine zimekuzidi umri. Ulizitoa kwenye stoo za hoteli, ulizitoa jalalani, ukaziosha kama watoto wachanga. Ile ya kijivu yenye kelele uliipa jina la Mamkwe, na mama yangu alipojua hakukusemesha miezi miwili.

Na mkono huo huo wa ngumi, kila Ijumaa ulibeba ile nyepesi, Bibi Harusi, kwenda kwa msusi wa mkabala, kufyonza godoro la mwanawe mwenye pumu. Ulirudi umeinua mfuko wa vumbi kama umetoka kuwinda. "Tazama, Mama Watoto! Hiki ndicho kinachomkaba mtoto wa watu!"

Kwa wasiojua mashindano yenu ya mashine kila Jumapili: gramu mia nne za mchanga mkavu zilimwagwa kwenye zulia lile lile, kila mashine ikapewa dakika mbili, kisha ukapima kilichoingia mfukoni kwa mizani yangu ya jikoni na kukitangaza kwa sauti ya mnadani mpaka mtaa wa pili. Kabla ya mashine inayofuata, zulia lilitolewa nje likakung'utwa kwa fimbo.

Siku ile mvua ilinyesha. Zulia halikutoka.

Yako ilitangulia. "Mia tatu arobaini!" Ikafuata ya kaka yangu mchomeleaji, shemeji yako uliyempenda kuliko ndugu zako wa damu. "Mia nne sitini!" Kisha ukaisoma mizani mara ya pili. Umemwaga mia nne, zinatokaje mia nne sitini?

"Shemeji, umetia misumari mfukoni."

"Mimi? Si huo hapo, fungua!"

"Umeshaitoa."

"Niite mwizi tena, nikusikie vizuri."

"Mwizi. Wewe na hilo kopo lako."

Ulianza wewe, sitaficha. Ulimpiga ngumi ya mdomo, damu ikaruka mpaka kwenye mizani. Ukamzungushia mpira wa mashine shingoni, ukavuta, macho yakamtoka. Alipojinasua alichomoa bomba la chuma la mashine yake akakupiga kichwani. Ukakaa chini. Ulikaa tu, Baba Watoto, kama mtu aliyechoka na kazi, ukainua kiganja ukasema, "Basi."

Akapiga tena.

Mwaka mzima mtaa umesema ulikufa ukimkabili mwizi, yaani kaka yangu. Nami nikaitikia, maana ilinipunguzia maumivu. Mpaka juzi msusi, ambaye hapitwi na jambo na siku ile alikuwa dirishani kwake akisikia namba zako zote, akaniuliza huku kashika kichwa changu: "Mama Watoto, hebu, mia tatu arobaini na mia nne sitini ni ngapi?"

Nikahesabu. Mia nane. Mchanga wa raundi mbili, haukupungua wala kuzidi. Zile sitini ulizoziacha wewe zulini ndizo alizozitoa yeye. Hakuiba. Alikushinda, tena alikushinda vibaya kuliko mlivyojua nyote wawili.

Mama alipopata habari alikuja mbio. "Mwanangu, mweke kaka yako basi kwenye orodha ya wanaomkumbuka mumeo. Hata mwisho kabisa. Huko gerezani anamlilia."

Wifi, dada yako, akapigiza kikombe mezani kikapasuka. "Ukimweka yule, mimi nitoe!"

Mama akavua kiatu. Ilibidi watu watatu wawatenganishe. Ungefurahi, nyumba ilijaa.

Basi nasema hapa, majirani msome: kaka yangu si mwizi, na anayemwita hivyo asikanyage kwangu. Pigo la kwanza nalielewa, ulikuwa umemkaba. Lakini ulikuwa umeshakaa, Baba Watoto. Ulikuwa umeshasema basi. Kwa pigo la pili, mama anisamehe, hayumo.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Binti yako mkubwa, anayesuka mota kwenye benchi lako. Mapacha, wanaotwangana kila Ijumaa nani aibebe Bibi Harusi kwenda kwa msusi. Dada yako, mwenye deni la kikombe changu. Mama mkwe wako, aliyekwisha kukusamehe ile mashine. Fundi umeme na pengo lake. Na mtoto wa mkabala, ambaye anapumua.

Zulia polisi wamelirudisha wiki hii. Jua lilikuwa kali. Nimelitandika juu ya ukuta wa nje nikalichapa kwa fimbo yako, nikalichapa mpaka mkono ukafa ganzi na vumbi likaisha.

Hututoki moyoni, leo wala siku yoyote tuliyobakiziwa.