Mguu wa Skolastika

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Nakuandikia kutoka Ujerumani, katika mji huu mdogo ambako sisi wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti tumepiga kambi tangu mwezi wa tano. Kifua chako kimepona? Dada Kandida aliniandikia kwamba ulikohoa Kwaresima nzima, na bado ukapanda mlimani kulima mashimo yetu ya ngolo. Nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu, maana najua hakuna wa kukuzuia. Na kahawa inaendeleaje? Nasikia siku hizi wanunuzi binafsi wanaingia na magari yao mpaka kwetu Mkumbi, na kila mmoja anausema vibaya mzani wa mwenzake. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Kilichonichelewesha kuandika ni moyo.

Dada Kandida, wewe unayemsomea Mama, kuanzia hapa soma taratibu. Usiruke neno.

Mama, unamkumbuka Skolastika, yule mwenzangu wa Tingi niliyekuja naye nyumbani Krismasi. Alitwanga na wewe huku akiimba, mpaka jirani akaja kuuliza tuna sherehe gani. Basi yeye ndiye ameumia, na habari ya kuumia kwake ina mkono wangu ndani.

Msimu ulianza vizuri. Kila Jumatatu mwalimu wetu wa riadha alipokea orodha ya dunia kwa faksi, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha kulia. Nchi hupangwa kwa muda wao bora, na timu kumi na sita za juu ndizo zinazoitwa kwenye mashindano ya dunia. Mwanzoni tulikuwa chini kabisa, hata ilibidi tuanze kusoma ile karatasi kutoka mwisho. Tukapanda kila wiki. Skola ndiye aliyetupandisha, Mama, maana akipokea kijiti tukiwa wa sita, ananiletea tukiwa wa tatu. Ilipobaki mbio moja tu, tulikuwa wa kumi na saba.

Nafasi ile moja ilikuwa kubwa kuliko unavyoweza kudhani. Shirika lililotuajiri mimi na Skola limeuzwa. Mwenye mali mpya hataki timu ya riadha, na barua za kupunguzwa kazi zilitufuata hukuhuku. Anayefika mashindano ya dunia anaweza kuonekana, akachukuliwa na klabu za nje. Asiyefika anarudi nyumbani na viatu vyake mkononi.

Siku nne kabla ya mbio hiyo ya mwisho, nilimkuta Skola bafuni ameketi sakafuni, ameufunga mguu wa kulia kwa taulo la maji baridi. Nyuma ya paja palikuwa pamevimba.

"Umeumia lini?" nikamuuliza.

"Funga mlango kwanza."

"Skola, lazima mwalimu ajue."

Akanishika mkono. "Akijua ataniweka benchi, na hatuna mtu wa tano. Hatutakimbia kabisa. Gau, mimi nikirudi Tingi narudia nini? Acha nimalize mzunguko mmoja tu, kisha nitapumzika mwaka mzima."

Ningekuambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yake. Ndivyo nilivyojiambia siku zile. Lakini wewe sitakudanganya. Nami niliitaka ile nafasi. Nilimchua mguu kwa dawa siku zote nne, na mazoezini alipochechemea nilisimama mbele yake mwalimu asimwone.

Siku ya mbio kulikuwa na kijimvua chembamba. Skola alikuwa wa pili kukimbia, mimi wa tatu. Alipokea kijiti tukiwa wa tano, akaanza kuwapita. Nikajisemea, kumbe mguu umepona. Alipoingia kona ya mwisho nikamwona ameruka kama mtu aliyepigwa jiwe, akaanguka. Wenzangu wa nchi nyingine wakapokea vijiti vyao, wakaondoka, nikabaki peke yangu kwenye mstari, mkono wangu uko nyuma, tupu. Akainuka. Alikuja kwa mguu mmoja, ule mwingine anauburuta, uso umejaa mvua na machozi, kijiti kakinyoosha mbele.

"Kimbia!" akaniambia. "Kimbia, Gau!"

Akanipa, akaanguka tena miguuni pangu. Na mimi nikakimbia, Mama. Nilimwacha pale chini, nikauzunguka uwanja wote peke yangu, watu wakinipigia makofi kwa huruma. Muda ule haukuwa na maana yoyote kwetu, kila mtu aliujua. Nilipomkabidhi wa nne kijiti, machela ilikuwa imeshaondoka.

Daktari alituambia msuli umeng'oka kwenye mfupa. Wamemfanyia upasuaji. Atatembea, atalima, atabeba ndoo yake ya maji. Kukimbia mashindano, hapana.

Kesho yake mwalimu alituita sebuleni, sisi watatu tuliobaki. Akauliza nani alijua. Wenzangu wakatikisa vichwa, na kweli hawakujua. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilikaa na uongo ule siku nzima. Jioni nikagonga mlango wake, nikamwambia yote, ya bafuni, ya dawa, na jinsi nilivyomkinga asionekane. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Nilimwona akishuka ngazi kwa upande, Jumatano. Nikajiambia ni uchovu." Akafunika uso kwa mikono. Sijawahi kumwona mtu mzima kama yule akilia.

Skola nilipomweleza kwamba nimesema, aligeukia ukutani. Siku mbili hakunijibu hata salamu. Siku ya tatu, bila kugeuka, akauliza, "Umemwandikia mama yangu?"

"Bado."

"Andika wewe. Mimi nitamwambia nini?"

Ndiyo maana ya barua hii, Mama. Mama yake ni mjane, hana mtu wa kumsomea, na sitaki aambiwe na mtu aliyesikia nusu ya habari redioni. Nakuomba ushuke Mbinga, upande lori la Mbamba Bay, uteremke Tingi. Ukiuliza dukani ni wapi kwa mama yake Skola wa riadha, watakuonyesha. Mweleze ukiwa umekaa naye. Mwambie mtoto wake yuko hai na anatembea. Mwambie pia kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Usinisitiri, Mama. Akikuambia maneno mazito, yapokee, ni ya kwangu.

Mwalimu na wenzetu wameondoka juzi. Nimeomba nibaki mpaka Skola aruhusiwe kusafiri, na watawa wa hospitali hii wamenipa kitanda. Leo asubuhi alitembea na magongo kutoka kitandani hadi mlangoni, mimi nikiwa nyuma yake. Jasho lilimtoka. Alipofika akashika fremu ya mlango, akapumua, akasema, "Usinishike mpaka nikuombe." Nikarudisha mikono yangu. Tukarudi hivyo, yeye mbele.

Nisalimie Baba mdogo Osmund, mwambie redio yake asiizime kwa kuwa sisi hatumo tena. Msalimie shangazi Theofrida anayetulindia mbuzi, na Katekista, mwambie tunaomba misa. Wewe nakukumbatia, na kifua chako usikifanyie ubishi. Ukitoka Tingi, niandikie alichosema, hata kama ni kibaya.

Mwanao,
Gaudensia