Mstari wa Kulala

Jumapili, 7 Januari 2024

Baba amekubali! Tangu kiwanda cha siki kinipunguze kazini nimekuwa nikimbembeleza anifundishe brashi. Kila mwaka mpya wa Kichina yeye ndiye anayeuandikia mtaa mzima karatasi nyekundu za maneno ya heri, za kubandika milangoni. Akichoka yeye, nani atashika? Zile za kuchapishwa sokoni watu wa mtaa wetu hawazitaki. Basi leo — mstari wa kulala tu. Bonyeza, vuta, tulia, rudisha ncha. Nimejaza magazeti mpaka mkono umekufa ganzi. Kwa kalamu naandika tangu shule, lakini brashi ni mnyama mwingine. Mistari yangu — minyoo!

Jumamosi, 13 Januari

Mstari wa kulala tena. Nikasema, Baba, na wa kusimama je? Wa kufyeka? Akajibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Qiao muuza tambi akachungulia dirishani, akacheka: "Wee Suyun, marehemu kaka yangu alilazwa kwenye mstari huo mwaka mzima na baba yako huyu huyu! Wewe wiki tu unalia?" Kumbe ndivyo walimu wa zamani walivyo. Haya, nivumilie.

Jumapili, 21 Januari

Sielewi. Nimemng'ang'ania anionyeshe wa kusimama. Akaitazama karatasi, akaitazama weee... Kisha akaigeuza ubavu, akachora wa kulala, akairudisha karatasi ilivyokuwa. "Huo hapo, umesimama." Nimecheka mpaka machozi! Yeye hakucheka. Sasa huo ni utani? Mtihani? Nami nikageuza karatasi, akanifokea eti naleta mchezo. Nishike lipi?

Jumatano, 24 Januari

Nimeomba nukta. Nukta tu, hata chekechea wanaweza! Amerusha brashi. Wino mpaka ukutani. Baba hajawahi kurusha kitu maishani mwake. Nimekasirika. Na nimeogopa, sijui nini.

Jumamosi, 27 Januari

Nimempigia Kaka Jinbao, aliyehamia Chengdu. Anashangaa: mbona yeye Baba alimfundisha mistari yote kwa mwezi mmoja, tena akimpa na peremende? Huenda mzee hataki brashi iende kwa binti, anasema. Lakini Baba mwenyewe kila asubuhi ananisagia wino jiweni, anasubiri niketi, anafurahi kama mtoto. Asiyenitaka angenisagia wino?



Jumapili, 4 Februari

Wiki ya mwaka mpya. Naandika jikoni, haraka. Nimewaambia nafuata maji ya wino.

Meza tuliiweka mlangoni asubuhi. Foleni mpaka kwa fundi viatu. Mama Qiao wa kwanza, kama kawaida, anataka neno Baraka la kubandika dukani kwake. Baba akachovya brashi. Mstari wa kulala — mzuri, jamani! Watu wakaguna kwa raha. Chini yake mwingine. Chini yake wa tatu: hilo ni neno Tatu, kila mtoto analijua. Mama Qiao akapiga kelele: "Mwalimu Kang, nimeomba Baraka, wewe umeniandikia Tatu! Unanipangia bei ya tambi?" Wote wakaangua kicheko. Na Baba akacheka. Halafu akachora wa nne.

Siku hizi hakuna neno linaloandikwa hivyo, mistari minne ya kulala. Kicheko kikakatika.

Akanitazama. Hapo ndipo nilipojua. Hakuwa mkali. Hakuwa ananipima. Wala hakuwa ananinyima chochote! Mistari mingine imemtoka kichwani, na alichobakiwa nacho ndicho alichokuwa akinipa kila siku. Mimi nikinung'unika!

Nikadhani yameisha. Mara akanitia brashi mkononi, mbele ya watu wote: "Mwaka huu ataandika Suyun. Amehitimu." Wakapiga makofi!

Mimi? Nina mstari mmoja tu.

Namsikia huko nje akinisifu, eti mkono wangu umemshinda. Niwaambie ameugua? Leo, mbele ya mtaa mzima? Au nitoke nikaaibike mimi, waseme binti hakufundishika? Bora hilo. Au si bora? Na kesho je, na daktari, na Jinbao?

Nasikia viatu vya Baba. Anakuja.

Ameingia na karatasi ya Mama Qiao, wino haujakauka. Ameitandaza hapa mbele yangu, amefunga mlango. Anauliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie: mwanangu, hebu nionyeshe, nimekosea wapi?