Maneno Niliyokutia Mdomoni

Makadara,
Mombasa.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Oloo,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku pwani. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa Krismasi limekuachia, sasa unateremka mtoni bila kushikwa mkono. Kericho nasikia mvua zimeanza mapema. Huku ni joto tu, usiku na mchana, hata shuka hatujifuniki.

Mimi mwili ni mzima. Kazi ya ofisini bandarini inaendelea. Jirani yangu Bi Mejumaa yuko katika mfungo wa Ramadhani, na kila magharibi huniletea sahani ya vitumbua ijapokuwa anajua mimi ni Mkristo na sifungi. Basi njaa siijui.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Mjomba, simu nimeishika mara tatu nikaiweka chini. Nimefanya jambo baya na nimelifanya kwa jina lako, na sikuweza kulisema huku nakusikia unavyopumua upande wa pili.

Unakumbuka nilikueleza habari ya chama chetu cha kuvua kwa manyoya. Tuko watu tisa, na mwenyekiti wetu ni Priscah wa benki. Kila Jumamosi maji yakipwa tunakwenda kwenye fungu la mchanga upande wa Tudor, na fimbo zetu ndefu na zile ndoana ulizonifundisha kuzivika manyoya mpaka samaki adhani ni mdudu au dagaa. Manyoya tunayapata bure kwa wachinja kuku wa hapa Makadara. Wavuvi wa Liwatoni wakituona tunavyorusha mishipi mbele na nyuma, hutuuliza kama tumevamiwa na nyuki.

Nasi wenyewe tunachekana sana. Sheria ya chama ni kwamba samaki aliyeponyoka hapimwi kwa mikono miwili. Ukitaka kueleza ukubwa wake, mkono mmoja uutie mfukoni. Anayejinasa shati lake kwa ndoana hununulia wenzake viazi karai. Na mgeni akiingia chama, lazima adanganywe kidogo. Bingwa wa hayo ni Kazungu, dereva wa lori. Mimi aliniambia nipige mluzi ili samaki waje, nikapiga asubuhi nzima. Fairuz aliambiwa aseme bismillahi kisha amtaje samaki kwa jina la baba yake. Hakuna aliyewahi kuumia.

Mwezi wa kumi na mbili aliingia Mzee Masha. Ni karani wa makasha huko bandarini, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, hasemi mpaka asemeshwe. Alikuwa na hamu ya kujifunza kuliko sisi sote. Kila akiambiwa neno, alitoa kijidaftari mfukoni akaliandika. Mimi alinipenda kwa sababu yako. Nilikuwa nimewapigia sana domo kuhusu wewe: ulivyowabebea mameneja wa majani chai fimbo zao za kuvulia ulipokuwa kijana, mpaka siku moja wakakuta wewe ndiwe unayewafundisha wao.

Jumamosi ya tarehe kumi na moja Januari, aliniuliza mtu aingieje majini bila kuwashtua samaki. Kazungu hakuwepo siku ile. Nadhani nilitaka na mimi kuchekesha. Nikamwambia, kwa uso mkavu kabisa, kuwa mjomba wangu husema mtu avue viatu, kwa maana samaki husikia soli; kisha atembee kwa ncha za vidole akinyanyua miguu juu kama korongo.

Wewe uliniambia kinyume chake, Mjomba. Uliniambia mahali usipoona chini, usinyanyue mguu, uburure. Na huku kwetu kuburura ndiko kunakofukuza taa waliojifukia mchangani, wenye mwiba mkiani. Mimi hayo niliyajua. Kila mwanachama anayajua.

Mzee Masha aliandika, akavua viatu, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akaingia. Tukamtazama anavyonyanyua magoti na fimbo juu, tukacheka mpaka Fairuz akaketi chini. Nilijiambia akifika kwenye maji ya magoti nitamwita. Hakufika huko. Alipiga ukelele mmoja tu, akaanguka. Taa alikuwa amemchoma chini ya kifundo cha mguu, na kipande cha mwiba kikabaki ndani.

Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye tuktuk. Hospitalini walimpasua mara mbili, kwa maana kidonda kilishika usaha. Na kwa vile ni mimi niliyembeba, nikawa ndiye mwema. Mkewe, Mama Kadzo, alinishika mikono yote miwili kwenye korido akaniombea kwa Mungu anizidishie. Nikaitikia amina.

Wiki iliyofuata chama kilikutana. Priscah alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa, na katika maumivu yake Mzee Masha alimwambia tu kwamba alitembea kama alivyoshauriwa na wenzake. Kila mtu akamgeukia Kazungu. Kazungu alisema hakuwepo, wala hajapata kumshauri mzee yule kuhusu miguu. Lakini wakasema angeweza kumwambia siku nyingine, na nani angemwamini Kazungu? Fairuz na wengine walikuwa mbali nilipoyasema yale. Walichoona ni matembezi tu. Priscah akamwambia Kazungu akae kando mpaka atakapoitwa. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye, bega kwa bega. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nilipokwenda kumtazama Mzee Masha nyumbani kwake, mguu ulikuwa juu ya mto, umevimba. Mama Kadzo akaniletea chai na mahamri. Mzee akaniambia polepole, kama mtu anayeungama:

"Bonface, nadhani kosa ni langu. Pengine sikunyanyua miguu vya kutosha."

Mjomba, bado alikuwa anaamini. Alikuwa amelala pale majuma mawili akijilaumu kwa kutoifuata vizuri hekima yako. Nami nilikunywa chai yangu nikaaga, nikarudi nyumbani.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na moja. Halafu nilirudi, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba ni mimi, na kwamba wewe hukusema hata neno moja katika yale. Mama Kadzo aliinuka akaondoa kikombe changu nilichokuwa sijakimaliza.  Mzee akauliza:

"Huyo mjomba wako, yuko kweli?"

Nikamwambia yuko.

Nilikwenda pia kwa Priscah, na Jumamosi nikasimama mbele ya chama nikasema yote. Kazungu ameitwa tena. Amekuja, lakini mimi bado hajanisalimu, na simlaumu. Yale mambo ya kudanganya wageni yamekoma, hakuna aliyeamua, yamekoma tu. Mzee Masha anatembea kwa mkongojo. Daktari amesema vidole viwili vya mguu havitarudi kama zamani, na bandarini wamemtoa kwenye makasha wakampa kazi ya dawatini.

Jana alinituma kwako. Anataka kurudi majini, na anataka kujua unavyosema wewe hasa: mtu aingieje, asimameje, arusheje. Nikamwambia nitakuuliza nimwandikie. Akatikisa kichwa. Akasema ayaone kwa mwandiko wako mwenyewe, na bahasha nisiifungue mimi.

Basi nimetia humu anwani yake, na stempu. Mwandikie, Mjomba, nakuomba.

Msalimie Mkaza-mjomba Terry, na Becky, na umwambie Ronny ndoana zake nilizoahidi nitazileta Pasaka, kama bado utanipokea. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani, na awape mvua ya kiasi.

Ni mimi mwana wa dada yako, nikupendaye na kukuonea haya,

Bonface