Jiwe Nililoliongeza Kwenye Picha ya Ziwa

Mama mshauri, shikamoo, na pole kwa kazi ya kutusikiliza watu ambao matatizo yetu tumeyatengeneza kwa mikono yetu, leo zamu ni yangu, naomba uniokoe kabla sijawa bwana harusi asiye na bibi harusi.

Mimi nauza rangi za nyumba kwenye duka la vifaa vya ujenzi Musoma mjini, kwetu ni Kabasa kule Bunda, watu wa pamba na ng'ombe, ziwa nimelijua ukubwani na mpaka leo maji yakinifika magotini nakumbuka nina shughuli nyumbani. Nimejenga kanyumba Bweri, na kwa kuwa ukuta wa sebule ulikuwa mtupu nikanunua mnadani Bunda kapicha kadogo ka kuchorwa kwa rangi ya mafuta, kana fremu ya mbao, kanaonesha ufukwe wa ziwa, mawe, maji na kilima kwa mbali. Muuzaji alikuwa amekaweka kati ya masufuria na pasi ya mkaa, na nilikachagua kwa sababu kanatosha kufunika ufa ulio juu ya kochi, habari yangu na sanaa ilianzia na kuishia hapo.

Sasa Gibson, ninayefanya naye kazi dukani, akaja kunitembelea, akaitazama ile picha akasema, "Kumbe rangi unazijuaga hivi? Umechora mwenyewe?" Mama, sikusema ndiyo, nilitabasamu tu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu anayesema ndiyo, na jamaa akainama asome maandishi madogo yaliyokuwa kwenye kona, ikabidi nimwite haraka chakula kinapoa. Alipoondoka nikachukua rangi ya kahawia iliyobaki nilipopaka milango nikayafunika yale maandishi bila hata kuyasoma, na kwa kuwa doa lilikaa vibaya nikalinenepesha kidogo, likawa jiwe. Nikasimama nikalitazama na, nisiongeze uongo mwingine, nililipenda.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini mchumba wangu Marcelina, binti wa Majita, akapita kuniona, akasimama mbele ya picha mkoba ukiwa bado begani, machozi yakamtoka. "Hapa ni kwetu," akasema. "Kumbe ulikuwaga unaenda kupachora?" Mimi kwao sijafika hata siku moja, waliokwenda kunitambulisha ni baba zangu, na pale ningesema tu hapana, ila hajawahi kunitazama vile, hata nilipomnunulia simu hakunitazama vile, nikajikuta nasema nilienda kimya kimya ili nimshangaze.

Kwa furaha akamleta shangazi yake, Anastazia, ambaye kwao ndiye anayekuja kukagua nyumba atakayoishi binti kabla wazee hawajakaa kuzungumza mahari. Shangazi akakagua jiko, akakagua choo, akagonga tanki la maji asikie kama limejaa, vyote vikafaulu. Kisha akavaa miwani akaisogelea picha, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anampangusa mtoto uso, akauliza, "Mkwe, ulikuwa umekaa wapi ukichora?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba nilikaa hapo hapo mbele, kwenye mawe, maana ziwa linaonekana vizuri. "Asubuhi au jioni?" Nikasema jioni, halafu nikaongeza kwamba nilienda mara nyingi, na mpaka leo najiuliza nani aliniomba niongeze.

Akavua miwani. "Hapo ndipo tunapoogeaga wanawake," akasema. "Mwanamume hapitagi hapo. Akikosea njia anapiga kelele tangu kule juu ili tujistiri. Wewe unasema ulikuwa unakaaga hapo jioni." Kisha akaweka kidole kwenye jiwe langu. "Na hili jiwe mbona silijui." Chai hakunywa. Marcelina akaniuliza polepole, "Ulikuwa unatuangaliaga?"

Tangu siku hiyo kila ujumbe ninaomtumia anajibu "sawa", na wazee wa mahari wameambiwa wasubiri kwanza. Nikisema sikuchora, mimi ni mwongo niliyemliza binti wa watu kwa mapenzi yaliyonunuliwa mnadani pamoja na masufuria. Nikisema nilichora, mimi ni mwanamume aliyejibanza kwenye mawe akimchungulia shangazi wa mchumba wake akioga. Niliwaza pia kusema nilichora nikiwa nimefumba macho, nikaona niache. Nampenda Marcelina na naogopa kumpoteza, hiyo ndiyo sentensi pekee humu isiyohitaji kupakwa rangi. Niseme lipi?

Faustine, Bweri

MAMA LUCY ANAJIBU

Marahaba, Faustine. Nimecheka mpaka nikajionea aibu, kisha nikamfikiria Marcelina, kicheko kikaisha. Binti wa watu anajiuliza kama mwanamume anayetaka kumuoa alimwona uchi pamoja na mama zake kabla hajamjua jina. Wewe unapima aibu ipi ni nyepesi kwako. Hapo sikupendi, nakuambia wazi.

Lakini hukuchungulia, na hilo ndilo la kwanza kusema. Unauliza useme lipi kana kwamba mizani iko sawa. Haiko sawa. Mwongo wa picha atachekwa kwenye harusi yake mwenyewe, shemeji watamwita mchoraji mpaka azeeke, na atakula pilau. Mchunguliaji hafiki kwenye hiyo harusi. Ulichukua sifa isiyo yako, sasa umepewa na kesi isiyo yako, rudisha zote mbili kwa pamoja.

Halafu tumia akili uliyozaliwa nayo. Umeambiwa na mwenyeji wa kule kwamba mwanamume hakai pale. Aliyekaa akachora kwa utulivu, jiwe kwa jiwe, mpaka Marcelina akapatambua kwao mkoba ukiwa bado begani, alikuwa nani? Alikuwa mwanamke, Faustine. Na jina lake lilikuwa kwenye kona, ukalifunika kwa rangi ya mlango bila kulisoma. Shangazi anayajua mawe yote ya pale, asilolijua ni lako tu. Hivi unadhani aliipangusa ile picha kwa kanga yake kwa sababu inamkera? Mimi sijui ilifikaje Bunda kati ya masufuria, wala sitajifanya najua, ila mama yule aliona mkono wa mchoraji anayemfahamu, na akakupa nafasi ya kusema kweli. Alikuuliza mara mbili. Ukamjibu jioni.

Sasa sikiliza. Leo ukitoka dukani kakwangue jiwe lako kwa ukucha, polepole, na thina ya kuyeyushia rangi usiiguse, nakufahamu. Ukiona jina usimpigie mtu simu kujisifu kwamba umegundua. Mpigie Marcelina kwanza, umwambie sijawahi kufika kwenu, sikuchora, sikukuangalia, nilidanganya kwa sababu ulinitazama vizuri. Useme kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Halafu ifunge picha kwenye kitambaa safi, mfuate Anastazia kwake, mwombe radhi ukiwa umekaa chini, na uiache mikononi mwake. Ufa juu ya kochi uzibe kwa saruji, mnauza.

Atakusamehe? Shangazi, nadhani ndiyo. Marcelina sijui. Alilia kwa sababu aliamini kuna mtu amekaa kwao mchana kutwa akipatazama kwa mapenzi, na mtu huyo hakuwa wewe. Hilo halizibwi kwa saruji. Lakini kwao bado kupo, na wewe hujafika. Ukishaomba radhi, mwombe Marcelina akupeleke ukapaone kwa macho yako. Na mkikaribia ufukweni, Faustine, pitia upande wa wanaume.