Bwawa Linalojijaza Lenyewe

Jumatatu, 7 Julai
Nimewalisha samaki wangu, sato, pumba, nimefungua mtaro, maji machafu yameteremka mtoni. Nikarudi kwenye cherehani. Kila Jumatatu hivyo hivyo. Kufikia keshokutwa bwawa litakuwa limejaa tena, bila pampu wala mvua. Hapa Usagara nimeshajisifu kwa kila mteja: bwawa langu limebarikiwa, linajijaza lenyewe. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 8 Julai
Mama Kulwa, jirani yangu wa upande wa juu, kanisema mbele ya wateja. Eti bwawa langu linakunywa kisima chake. Kisima hicho ndicho kinachonyweshea mchicha, na mchicha ndio unaomlisha yeye na wajukuu. Tangu nichimbe, kasema, kamba yake haifiki majini. Nimecheka. Bwawa limejaa pomoni, litaibaje? Kisha nimekasirika mpaka nimekata mkono wa blauzi ya watu vibaya.

Alhamisi, 10 Julai
Hasira imepoa, swali limebaki. Maji yanayorudi yanatoka wapi? Masika yalishaisha. Mto uko chini, maji hayapandi mlima. Nimemkumbuka Masanja, fundi aliyenichimbia. Siku mbili alitoa udongo wa mfinyanzi, mweusi, mgumu, jasho linamtiririka. Chini yake akakuta mchanga, maji yakaanza kububujika. Nikapiga vigelegele. Sikuuliza yanatoka kwa nani.

Jumamosi, 12 Julai
Mapema, kabla hajachota, nimeingia kwa Mama Kulwa na kamba, jiwe, na tepu yangu ya kupimia nguo. Kanikuta nimeinama.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Unakishonea kisima changu gauni?"
Nimeona aibu, lakini sikuacha. Kutoka mdomoni hadi majini: inchi 204. Alisimama kwanza mikono kiunoni. Baadaye akaja kunishikia kamba. Kumbe naye anataka kujua.

Jumatano, 16 Julai
Mama Kulwa yuko msibani Sengerema tangu Jumapili, na wajukuu wote. Ameniruhusu kupima. Hakuna aliyechota hata ndoo moja.
Juzi asubuhi: 204. Nikafungua mtaro kama kawaida. Jana: 209. Leo: 211, na bwawa langu limejaa.
Nimepima mara tatu. Nilitaka niwe nimekosea.
Nimeshuka hadi kwenye matete ya bondeni. Pale tulipokuwa tukivuka tumekunja sketi, tope limekauka na kupasuka. Nilipita huko mara ngapi bila kuona?
Nadhani nimeelewa. Ule mfinyanzi ulikuwa kifuniko. Chini yake maji ya bonde zima yamekaa kwenye mchanga, ya kwangu na ya kwake, mtungi mmoja. Mimi nimeutoboa, na kila Jumatatu naumimina mtoni. Inafurahisha kuelewa kitu. Inauma pia.
Hesabu hizi ninazo mimi peke yangu. Ningeweza kunyamaza. Kwa muda wa kupiga pasi suruali moja, nilikusudia hivyo.

Jumapili, 20 Julai
Karudi. Nimempa pole, kisha nimemweleza yote, daftari mkononi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Kauliza tu, "Sasa?"

Jumatatu, 21 Julai
Nimeziba mtaro kwa mfinyanzi, nimeushindilia kwa miguu. Lakini maji yasipobadilishwa, samaki wote wale hawawezi kuishi humo. Nimewavua leo, wadogo kama kiganja, miezi mitatu kabla ya wakati wao. Nimebakiza thelathini. Wateja wameniuliza nina wazimu gani. Jioni nimelia jikoni, kwa sauti.

Jumatatu, 28 Julai
206. Kinapanda polepole. Kila asubuhi naenda mwenyewe, hata nguo zikichelewa. Matete bado makavu. Sijui bonde linahitaji muda gani, na hamu ya kujua hainiishi.

Jumapili, 3 Agosti
Leo nimechelewa, nilikwenda ibada ya kwanza. Nimemkuta Mama Kulwa ameshapima peke yake. Hana tepu. Alitandaza kamba iliyolowa chini, akaipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole.
"Mikono kumi na moja na vidole vitatu," kanitajia kabla sijauliza.
Tepu ilikuwa shingoni mwangu. Sikuitumia. Nimeandika hapa kama alivyosema: mikono kumi na moja na vidole vitatu.